Kumbukumbu: Usichokitazama Hutakikumbuka

Nikifika sokoni nakumbuka vitu vitatu kati ya kumi. Navirudiarudia njiani, lakini wapi! (Mama wa watoto wanne, Morogoro)

Kurudiarudia ni kazi ya mdomo tu. Mtu akikusalimia njiani, orodha yote imemwagika. Tumia nyumba yako. Ipite kichwani kwa mpangilio uleule siku zote: mlango wa mbele, kochi, runinga, friji, jiko, sinki, bafu, ndoo, kitanda, kabati. Hivyo ni vituo 10. Kila kituo kipe kitu kimoja, nacho kifanye jambo la ajabu. Unasukuma mlango, sukari inakuporomokea kutoka juu mpaka inajaa kwenye kandambili. Kwenye kochi vitunguu vikubwa kama watu vimekaa vinalia. Mafuta ya kula yanachuruzika kutoka kwenye runinga hadi kwenye zulia. Kila picha ipe sekunde 5 hadi 10, uione kweli. Ukifika sokoni, ingia tena mlangoni.

Wengi hukwama kwa sababu picha zao zimetulia mno. Kibiriti juu ya jiko umekiona kila siku, hakina cha kukushtua. Kifanye kirefu kama nguzo, kinawaka. Wengine hurundika vitu vitatu kituo kimoja, vikafunikana. Na ukitumia nyumba hiyohiyo leo na kesho, vitunguu vya jana vitabaki kwenye kochi. Uwe na njia mbili au tatu za kupokezana: nyumba, njia ya kwenda kituo cha daladala, msikiti au kanisa unaloswalia au kusalia.

Si ni kipaji cha kuzaliwa hicho?

Hapana. Mwaka 2017 mtafiti wa ubongo Martin Dresler na wenzake walichapisha utafiti wao: watu wa kawaida walifanya mazoezi ya njia hii nusu saa kwa siku kwa wiki 6, na kutoka kukumbuka maneno kama 26 kati ya 72 wakavuka 60.

Nasahau jina la mtu dakika ileile anaponitajia.

Hukulisahau, hukulisikia. Alipokuwa akilitaja, wewe ulikuwa unapanga la kujibu. Muulize palepale, si aibu. Aibu ni kumwita "ndugu yangu" mwaka mzima. Kisha chagua kitu kimoja usoni pake. Nguo usizitumie, kesho atabadilisha. Majina yetu mengi yana maana, na hiyo ni nusu ya kazi: Chausiku mwenye paji pana, mwone mwezi umechomoza pajini. Jina lisilo na maana kwako, fuata sauti yake: Kimaro, kima anarukaruka kwenye nyusi zake. Mnapoagana, litaje jina lake.

Kuna vidonge gani vizuri vya kuongeza kumbukumbu?

Kama huumwi, pesa hiyo nunulia chakula.

Nasoma usiku kucha, nikiingia kwenye mtihani kichwa kitupu.

Swali hili hurudi kila msimu wa mitihani, na kila mara muulizaji amekesha. Lala! Usingizini ndiko yale uliyosoma yanakokaa sawa. Na kuusoma ukurasa mmoja mara tano si kujifunza. Funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, halafu fungua uone ulipopungukiwa. Fanya hivyo tena kesho, baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea saa za mwanzo baada ya kujifunza. Picha zitumie kwa mambo yenye mpangilio, kama hatua za mmeng'enyo wa chakula. Usichokielewa hakitaeleweka kwa picha.

Nikifumba macho sioni picha yoyote kichwani.

Wapo wengi kama wewe, si ugonjwa. Bado unajua jiko lako liko wapi. Tumia mahali, harufu, sauti, mguso.

Baba ana miaka 70, anauliza jambo moja mara tano kwa saa. Tumfundishe hizi picha?

Mpelekeni hospitali kwanza. Kusahau miwani ilipo ni kawaida. Kupotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe si kawaida. Chukueni dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, maana baadhi ya dawa huvuruga kumbukumbu. Na hali ikimjia ghafla, mdomo umepinda, ulimi mzito au mkono mmoja umelegea, hizo ni dalili za kiharusi: ondokeni saa hiyohiyo, msingoje kupambazuke.