Mdogo Wangu Ameingia Ubaharia Wakati wa Kusi

SWALI: Shikamoo mzee. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 22, amepata kazi katika jahazi la mashine linalopeleka saruji na unga kutoka Tanga hadi Wete, Pemba. Nahodha amemwambia kwamba husafiri hata kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikichachamaa, na kwamba malipo ni ya mgao wa mapato ya safari, si mshahara. Mama hapati usingizi. Je, tumzuie?
Dada wa Baharia, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sishauri mmzuie, kwa kuwa kijana aliyekwisha kuipenda bahari atapanda chombo kingine kwa siri, na hapo ndipo mama atakapokesha kweli. Kabla ya habari za kusi, mimi ningeuliza chombo hicho kinapakiwaje, na ni nani anayeweza kusema, "Leo hatung'oi nanga."

Kusi ni kali, hasa kati ya Juni na Agosti, na kwa kuwa safari ya Wete ni ya kwenda mashariki, mawimbi hukipiga chombo ubavuni mwa kulia karibu njia nzima. Hata hivyo, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, nayo si ya kuaminiwa kama wengi wanavyodhani: mkondo wa bahari katika pwani ya Tanga huelekea kaskazini mwaka mzima, hivyo upepo wa kaskazi ukikabiliana nao, mawimbi husimama wima na kufuatana upesi, jahazi lisipate nafasi ya kuinuka kabla ya kupigwa tena.

Mdogo wako na achuchumae gatini baada ya kupakia, apime kwa jicho ni shubiri ngapi zimebaki kati ya maji na ukingo wa chombo. Saruji ikae chini, ibanwe isitembee, ifunikwe turubai, kwa maana chombo kilicholundikiwa magunia juu huwa kizito kichwani, na kikilala huchelewa kuinuka. Asishtuke kuona maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kwani chombo cha mbao huvuja hata kikikalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa za mbao zake, vizuri. Ashtuke yakiachwa yaongezeke, kwa sababu maji hayo hukimbilia upande chombo kilikolalia na kuuongezea uzito. Usiku mmoja, nikiwa zamu, pampu yetu iliacha kutoa maji, tukakuta mdomo wa mpira wake wa kuvutia maji umezibwa na karatasi za mifuko ya saruji. Tulikumba maji kwa ndoo mpaka alfajiri, na tangu hapo sikupanda chombo kabla ya kuiona pampu yake ikitema maji kwa macho yangu.

Tena, si kila anayepotea baharini amezama na chombo. Baharia huweza kuanguka usiku alipokwenda tezini, nyuma ya chombo, kujisaidia, au alipoinama kuteka maji, na mngurumo wa mashine ukaimeza sauti yake. Asiende huko bila jaketi la kuokolea maisha na bila kumwambia mwenzake. Maji yetu ni ya vuguvugu, mtu anaweza kuelea kwa saa nyingi, mradi kuna anayejua kwamba hayupo.

Kuhusu mgao, hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi, ijapokuwa mabaharia wenyewe huutetea. Siku ya kungoja upepo utulie humkata kila mmoja riziki yake, hata nahodha mwenye busara akashawishika kuondoka huku Mamlaka ya Hali ya Hewa imekwisha kutoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 huweka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, lakini umeviacha nje vyombo vya asili kama majahazi. Kwa hiyo mdogo wako akubaliane na nahodha mapema, mbele ya shahidi, kuhusu posho ya siku za kungoja na zamu za kulala.

Wewe nawe uwe na orodha ya mabaharia wote waliomo, saa waliyoondoka, na namba ya simu ya mtu wa kuwapokea Wete. Wakichelewa bila habari, nenda kwa maofisa wa bandari siku hiyohiyo, wala usisubiri kupambazuke.