Windows yako ni halali lakini inakutangaza mwizi? Soma haya kabla hujaipiga upya

Maandishi hafifu yamekaa kona ya chini kulia: "Activate Windows". Kwenye Windows 7 ni zaidi ya hapo, picha ya nyuma ya skrini inakuwa nyeusi na chini panaandikwa "This copy of Windows is not genuine". Mtu aliyelipia leseni yake anashikwa na hofu, anapeleka kompyuta kwa fundi, fundi anapiga Windows upya kisha anaweka programu ya kuvunja leseni. Kompyuta iliyoingia halali inatoka ikiwa ya wizi kweli. Inauma, maana mara nyingi leseni ilikuwapo muda wote.

Onyo hilo maana yake ni moja: kompyuta imeshindwa kuthibitisha leseni yake. Kazi yako ni kujua imeshindwa kwa nini.

Anza na tarehe. Betri ndogo ya bodi mama, ambayo kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ikiisha nguvu, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka mingi nyuma. Mawasiliano na seva za Microsoft hulindwa kwa vyeti vya usalama vyenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Tarehe yako ikiwa nje ya muda huo, muunganisho unakataliwa na unaona msimbo 0x80072F8F. Sahihisha tarehe, mwaka na ukanda wa saa, jaribu tena, kisha badilisha betri, la sivyo tatizo litarudi umeme ukikatika tena.

Tarehe ikiwa sawa, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi: andika cmd kwenye Start, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Run as administrator. Kisha andika:

slmgr.vbs /dlv

Subiri sekunde chache dirisha litokee, ulipige picha kwa simu. Mstari wa Description ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu unataja leseni iliyowekwa ni ya njia gani: OEM_DM (ya kiwandani), RETAIL (iliyonunuliwa na mtumiaji), VOLUME_KMSCLIENT au VOLUME_MAK (za maofisi na taasisi). Chini yake tafuta License Status na Notification Reason, ambapo pana msimbo wa kosa. Fundi asiyeuliza mambo haya anabahatisha.

Laptopu nyingi zilizotengenezwa tangu enzi ya Windows 8 zina ufunguo wa leseni ndani ya programu ya msingi ya bodi mama (BIOS/UEFI), wala haufutiki ukibadilisha diski. Usome kwa PowerShell, dirisha la amri lililomo ndani ya Windows:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitoka wenye herufi na tarakimu 25, leseni unayo. Rudia amri hiyo ukimalizia na OA3xOriginalProductKeyDescription ili ujue ni ya toleo gani. Neno Core ni Home, Professional ni Pro. Hapa ndipo chanzo kikubwa cha maonyo ya uongo: mashine ilitoka kiwandani na leseni ya Home, aliyeipiga upya akaweka Pro kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kwenye flashi. Ufunguo wa Home hauwezi kuamilisha (activate) Pro hata ukiuingiza mara mia. Na kutoka Pro kurudi Home hakuna njia ya mkato: hifadhi mafaili yako mahali pengine, pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, sakinisha Home upya. Ikiunganishwa na intaneti itajiamilisha. Toleo likilingana tayari, andika slmgr.vbs /ipk ukifuatisha ufunguo wako, halafu slmgr.vbs /ato ili kuamilisha.

Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya mtumba, hasa zile zinazoingizwa Dar es Salaam au Nairobi kutoka maofisi ya ng'ambo, umeshapata jibu. Mashine za namna hii huamilishwa na seva ya ofisi zilikotoka, iitwayo KMS. Uamilisho mmoja hudumu siku 180, na mashine hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Ikiuzwa, seva haionekani tena, siku zinaisha, onyo linatokea na msimbo 0xC004F074 au 0x8007232B. Muuzaji huenda hakukudanganya kwa makusudi, lakini leseni ya ofisi haikuhama na mashine. Habari njema ni kwamba laptopu hizo hizo mara nyingi zina ufunguo wao wa kiwandani, kwa hiyo rudi kwenye amri ya PowerShell hapo juu. Kama ni kompyuta ya mwajiri wako wa sasa, unganisha VPN ya kazini kisha andika slmgr.vbs /ato.

Kwenye dirisha lile la slmgr.vbs /dlv angalia kama pana jina la mashine ya KMS lenye anwani inayoanza na 127, au jina la ajabu ambalo si la ofisi yako. Hayo ni mabaki ya programu ya kuvunja leseni, na huwa yanaizuia leseni yako halali kufanya kazi. Andika slmgr.vbs /ckms kuyafuta, kisha fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad yenye haki za msimamizi, uondoe mistari inayozuia anwani za Microsoft. Chunguza pia kwa Windows Defender. Programu hizo huzitambua kwa majina kama HackTool:Win32/AutoKMS.

Msimbo 0xC004F211 maana yake vifaa vimebadilika. Kuongeza RAM au kuweka SSD kwa kawaida hakuleti shida. Kubadilisha bodi mama kunaleta. Leseni ya RETAIL inaweza kuhama, na njia rahisi ni kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft kabla mashine haijaenda kwa fundi. Baadaye utaingia Settings, System, Activation, utachagua Troubleshoot, halafu "I changed hardware on this device recently".

Ukiona 0xC004C003, ufunguo umefungiwa. 0xC004C008, umetumika kwenye mashine nyingi kupita kikomo. Kama uliununua mtandaoni kwa bei ya kutupa, onyo hilo huenda ni la kweli, na wa kudai ni muuzaji.

Kuna siku kosa ni la Microsoft wenyewe. Tarehe 8 Novemba 2018 watumiaji wengi wa Windows 10 Pro waliambiwa leseni zao ni za Home. Tarehe 8 Januari 2019 kompyuta za Windows 7 maofisini zenye sasisho KB971033 zilitangazwa si halali. Kwa hiyo onyo likitokea ghafla kwenye mashine ambayo hukugusa chochote, tafuta kwanza msimbo wako mtandaoni kwa habari za siku hiyo. Wengine wakilalamika, usibadilishe kitu. Subiri siku moja kisha ujaribu slmgr.vbs /ato.

La mwisho si kosa la leseni kabisa. Ukurasa wa kivinjari unaojaza skrini, unapiga kelele, unasema Windows yako ni ya wizi na kukupa namba ya simu, ni utapeli. Maonyo ya Microsoft hayaweki namba ya simu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, bofya End task, na ukifungua tena usirejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Kama umeshawapigia na wakakuwekea programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, zima intaneti mara moja, iondoe programu hiyo, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, na uwapigie benki yako au mtandao wako wa pesa kwa simu kama ulitaja PIN au namba ya kadi.