Txakoli ijaribu, ila usiinywe kavukavu

Mkuu, umesema unakwenda San Sebastián, kaskazini mwa Uhispania, kikazi, umeiona txakoli kwenye menyu, na divai uliyozoea ni ile tamutamu. Nimeishi Bilbao, ngoja nikupe ninachokijua.

Inatamkwa chakoli. Ni divai nyeupe ya Wabasque, wenyeji wa eneo hilo, kilevi chake kama asilimia 11, chachu kama ndimu, na ina vipovu vidogo vinavyochomachoma ulimi. Ukiionja peke yake utakunja uso na kudhani umeuziwa siki.

Mhudumu atainua chupa juu na kukumiminia kidogo tu kwenye bilauri pana. Si mbwembwe tupu: ikidondoka kutoka juu, vipovu na harufu huamka. Kwa hiyo inywe palepale ingali baridi. Ukiiacha huku unachezea simu, imekwisha.

Sasa chakula. Kule vitafunio vya baa huitwa pintxo, ukisema tapas wanajua wewe mgeni. Anza na gilda: kijiti cha meno kilichotungwa zeituni, pilipili ndefu za kijani za siki, ambazo haziwashi sana, na anchovi, kisamaki kinachofanana na dagaa, kilicholazwa kwenye chumvi kisha kwenye mafuta. Usikichomoe kimoja kimoja. Tia vyote mdomoni kwa mpigo, tafuna, halafu piga funda. Ule uchachu uliokukera mwanzo unakutana na chumvi na mafuta, mdomo unasafishika, na mkono wenyewe unarudi kwenye sahani. Kaa, pweza na chaza nao inawakubali sana. Nyama ya ng'ombe usiilazimishe, hapo agiza divai nyekundu ya Rioja, eneo la jirani. Na kama hugusi kitimoto uliza kwanza, maana kaunta zile zimejaa paja la nguruwe.

Ukinunua chupa, tazama mwaka. Nyingi hunywewa changa, chukua ya mavuno ya karibuni. Ya Getaria, mji mdogo wa pwani karibu na San Sebastián, ina vipovu zaidi; ya Bizkaia, mkoa wa Bilbao, imetulia. Kwa mwanzo mimi ningekupa ya Getaria.

Tena ukipata nusu siku, panda basi uende huko huko Getaria. Mizabibu iko kwenye miteremko inayotazama bahari, na mikahawa inachoma samaki kwa mkaa nje mlangoni. Agiza rodaballo, samaki bapa anayechomwa mzima. Huuzwa kwa uzito, kwa hiyo uliza bei kabla hajawekwa jikoni.