Kabla ya Pedali, Tazama Umeme: Ushauri kwa Mpiga Gitaa Anayejipangia Vifaa

Vijana wanaopiga gitaa katika kwaya na bendi ndogo hapa Dar es Salaam huniuliza mara kwa mara wanunue pedali gani kwanza, yaani vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha mlio wa gitaa, na jibu langu huwavunja moyo kidogo kwa sababu linaanza na adapta. Nimepiga rithimu, na baadaye solo, kanisani na katika kumbi za harusi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya fedha niliyoipoteza katika vifaa ilipotea kwa kuwa nilikimbilia milio mizuri kabla ya kushughulikia umeme unaoilisha.

Pedali nyingi hutumia volti 9, na katika nyingi kati ya hizo ncha ya katikati ya plagi huwa hasi. Siku moja, nikiwa nimesahau adapta yangu nyumbani, nilichomeka ile ya kinanda cha kwaya, yenye volti 12 na ncha chanya katikati. Taa ya pedali haikuwaka kabisa. Kilichotoka ni harufu ya kuungua, na ibada niliimaliza bila pedali. Tangu hapo sichomeki kitu kabla sijasoma kile kimchoro kidogo cha duara kilicho kando ya tundu, kinachoonyesha alama ya kutoa iko upande gani. Soma pia miliampia, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho pedali inahitaji. Ovadraivu ya kawaida, pedali inayokwaruza mlio, hutosheka na 10 au 20, lakini dilei ya kidijitali, inayorudia noti kama mwangwi, yaweza kudai zaidi ya 100, kwa hiyo jumlisha mahitaji ya pedali zako zote, kisha ununue chanzo cha umeme kinachozidi jumla hiyo. Kama uwezo unaruhusu, chukua kile ambacho kila tundu lake limetenganishwa kiumeme na jingine. Ni ghali kuliko adapta moja yenye waya wa matawi, ila waya huo wa matawi ndio uliokuwa ukiniletea mvumo usiokwisha kila nilipochanganya pedali ya kidijitali na zile za kawaida. Ukitaka kujua kama tatizo lako ni hilo, weka betri ya volti 9 katika pedali unayoishuku na uichomoe adapta. Mvumo ukinyamaza, pedali haina kosa.

Hapa naomba nisisitize jambo linalohusu uhai. Wapo wanaotibu mvumo kwa kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya, na mvumo kweli hupungua, lakini kinga yako imeondoka pamoja nao. Mimi nimepigwa shoti ya midomo kwenye maikrofoni huku vidole vikiwa juu ya nyuzi, kwa sababu amplifaya na miksa zilikuwa zinachukua umeme kutoka pande mbili tofauti za ukumbi na upande mmoja haukuwa na ardhi. Nilihisi kama nimechomwa na sindano ya moto, na bahati yangu ilikuwa kwamba nilirudi nyuma badala ya kuganda pale. Omba amplifaya yako na miksa zipate umeme kutoka chanzo kimoja chenye ardhi, na ukimwona mwenzako ameshika plagi na koleo, mzuie.

Baada ya umeme, nunua tyuna ya kukanyaga. Ninayoitumia ni Boss TU-3, ambayo hunyamazisha gitaa wakati wa kusawazisha nyuzi, jambo ambalo waumini na wageni wa harusi hulishukuru bila kujua. Waya wa gitaa uwe wa mita 3 hadi 6. Ukiwa mrefu sana, gitaa lisilo na betri hupoteza ule ung'avu wa nyuzi za juu ambao mpiga solo wa dansi anauishi. Kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, beba kitambaa kikavu na ufute nyuzi kila unapomaliza, kwa maana kutu hapa haingoji mwezi.

Sasa tuje kwenye milio yenyewe. Kwa muziki wetu, ambao gitaa lake ni safi na lenye kung'aa, pedali tatu zinatosha kabisa: ovadraivu nyepesi, korasi (inayofanya gitaa moja lisikike kama kadhaa) na dilei. Zipange kwa mfuatano huo, tyuna ikitangulia, kwa sababu dilei ikikaa mbele ya ovadraivu, marudio yake yote hukwaruzwa pamoja na noti mpya na sebene inageuka kelele. Muda wa dilei usiukisie. Gawa 60,000, yaani milisekunde za dakika moja, kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 utakupa milisekunde 500 kwa pigo zima na 250 kwa nusu pigo. Mimi hutumia nusu pigo, marudio mawili tu, yakiwa chini kuliko noti yenyewe, na mpiga rithimu wangu hajawahi kulalamika kwamba namfunika.

Kuhusu maikrofoni ya kuweka mbele ya amplifaya, sioni haja ya kuhangaika. Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, haihitaji zile volti 48 ambazo miksa huzituma kuendesha baadhi ya maikrofoni, huvumilia sauti kubwa na vishindo vya safari. Jihadhari tu na bandia, ambazo ni nyingi, na uisikilize kabla ya kulipa. Kazi kubwa iko katika kuielekeza. Iweke sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika. Ikitazama katikati ya spika, mlio huwa mkali. Ukiisogeza kuelekea ukingoni, mlio hulainika na kuwa mzito, na upana wa kidole kimoja hubadilisha mengi kuliko kitufe chochote cha miksa. Mwombe mwenzako apige huku wewe ukiisogeza polepole na kusikiliza kutoka kwenye spika za ukumbini. Nilipoupata mlio wangu, nilibandika kipande cha utepe mweupe kwenye kitambaa cha amplifaya, nusu ya njia kati ya katikati na ukingo, na hadi leo fundi mitambo yeyote nimkutaye namwonyesha hapo.