Konekta 150 kichwani na bado unaandika "although... but"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma form three, shida yangu ni maswali ya kuunganisha sentensi. Tulipewa "It was raining. We went to the farm" tuanze na Although, nikaandika "Although it was raining but we went to the farm", nikakosa. Nyingine ilikuwa "The box is very heavy. I cannot carry it", tutumie too... to, nikaandika "The box is too heavy to cannot carry it", nayo nikakosa. Na nishakariri konekta 150, yani maneno ya kuunganisha kama but na although, kwenye PDF ya tuisheni, maana zake kwa Kiswahili nazijua zote. Sasa kuna kaka kwenye grupu anauza PDF ya konekta 500 kwa elfu tano, nikiinunua itanisaidia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue. Nimeanza na hilo kwa sababu kila wiki naletewa madaftari ya watoto wenye tatizo kama lako na karibu wote wana PDF ya namna hiyo kwenye simu ya mama, wameikariri kweli, na makosa ni yaleyale.

Tuanze na mvua yako. Kwa Kiswahili ukisema "ingawa mvua ilikuwa inanyesha lakini tulienda shamba" hakuna atakayeshtuka, ndivyo tunavyoongea nyumbani, redioni, hata kwenye hotuba. Kwa hiyo kichwa chako kilitafsiri vizuri kabisa, neno kwa neno, na hapo ndipo ulipokosea. Kwenye Kiingereza "although" peke yake imeshamaliza kazi ya kupinganisha. Hebu sema kwa sauti "Although it was raining" halafu nyamaza. Unasikia mtu anasubiri? Ile sentensi haisimami tena, inaegemea kitu kinachokuja. "But" yenyewe inataka sentensi mbili zilizosimama kila moja kwa miguu yake. Ukiziweka zote mbili ni sawa na daladala yenye makonda wawili wanaodai nauli ileile kwa abiria mmoja. Chagua mmoja: "Although it was raining, we went to the farm" au "It was raining, but we went to the farm".

Na usijione mjinga, Wachina wanaojifunza Kiingereza wanafanya kosa hilihili kwa sababu lugha yao nayo inaweka "ingawa" na "lakini" pamoja. Kuna anayeweza kukuletea Biblia ya Kiingereza ya 1611 akuonyeshe "though" imefuatiwa na "yet", ni kweli ipo, ila "yet" pale ni kama "hata hivyo", inakazia tu, haiungi, usichukulie kama ruhusa ya kuweka "but".

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki, hesabu vitenzi vyenye wakati ndani ya sentensi, yani was, went, is, came. Viwili, kiunganishi kimoja. Vitatu, viunganishi viwili. Wewe ulikuwa na "was raining" na "went", vitenzi viwili, ukaleta viunganishi viwili, kimoja hakina kazi. "Because he was sick so he didn't come" ni ugonjwa huohuo, imetoka kwenye "kwa kuwa alikuwa anaumwa ndo maana hakuja". Zile za jozi kama "both... and" na "not only... but also" zihesabu kama kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili.

Kuhusu boksi, "too" si "sana". Ni kupita kiasi, na ule ukanushi umeshaingia humohumo ndani, ndo maana "cannot" inaondoka. Na "it" ya mwisho inaondoka pia maana boksi limeshatajwa mwanzoni: "The box is too heavy for me to carry". Linganisha na "The box is so heavy that I cannot carry it", hapa "that" inaleta sentensi nzima, na sentensi nzima inataka kila kitu chake, mtendaji, cannot, na hiyo "it". Watoto wengi wanachanganya nusu ya huku na nusu ya kule kwa sababu waliambiwa zote mbili zina maana moja. Maana zinakaribiana. Umbo ni mbali kabisa.

Sasa nije kwenye kinachonikera, maana wewe umeuliza boksi na mvua ila tatizo ni kubwa kuliko hayo. Watu wameaminishwa kwamba konekta ni msamiati. Kwamba ukijua "despite ni ingawa, however ni hata hivyo, unless ni isipokuwa" umemaliza. Hizo PDF zinapanga but, although, despite, however kwenye mstari mmoja kama spea za pikipiki moja, toa hii weka ile. Haziingiliani! "Although" inafuatwa na sentensi. "Despite" inafuatwa na jina au kitenzi chenye -ing, kwa hiyo "despite the rain", au "despite being tired", kamwe si "despite it was raining", na "despite of" haipo, yenye "of" ni "in spite of". "However" haiungi sentensi mbili kwa koma, inataka nukta au nukta mkato kabla yake: "It was raining. However, we went to the farm". Yote manne kwenye orodha yameandikwa "ingawa/lakini" basi, mtoto anakwenda kwenye pepa anapoteza maksi na kitu anakijua.

Chukua "unless". Ndani yake kuna "if" na "not" tayari. Mtoto akiandika "Unless you don't study, you will fail" amesema atakayesoma ndo atafeli. Au "no sooner", ambayo kila mwaka naikuta na "when". Angalia neno lenyewe, sooner, lina -er kama bigger na faster, na bigger inataka nini? Than. Kwa hiyo "No sooner had we arrived than it rained". "Hardly" haina -er, ndo maana yenyewe inakwenda na "when". Hiyo ni dakika moja ya maelezo na mtoto hasahau tena, lakini anayeuza orodha hana hiyo dakika, na wengine nadhani hawajui, wamekopi kwa mwenzao na makosa yake yote.

Hao haohao ndo wanafundisha "ukitaka insha ya kiwango weka moreover, furthermore, nevertheless". Nimesahihisha insha ya mtoto kuhusu mama yake mpenzi, imeandikwa "My mother cooks ugali. Nevertheless she goes to the market." Kuna upinzani gani kati ya ugali na sokoni? Kijana mwingine, mtu mzima anatafuta kazi, aliniletea barua yake: ana uzoefu wa miaka mitatu, "on the other hand I have a driving licence". Yani leseni imekaa kama inapingana na uzoefu wake. Alilipia hiyo barua iandikwe, na hela aliikopa. Inaniuma.

Halafu kuna ile ya "usianze sentensi na because". Si kweli. "Because it was raining, we stayed at home" ni sentensi safi kabisa. Kibaya ni kuandika "Because it was raining." ukaweka nukta, nusu imebaki hewani. Ndo kitu kinachokatazwa, lakini njiani watu wakaifupisha ikawa sheria ya uongo na watoto wanaogopa neno lisilo na kosa.

Wazazi nao waelewe, mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, form one inafika karibu kila kitu Kiingereza, lazima atatafsiri kichwani, na ukimpa orodha ndefu umemwongezea maneno ya kutafsiri tu. Kitu cha kumfundisha ni kujiuliza hizi sentensi mbili zinahusiana vipi kabla hajagusa konekta. Sababu na matokeo? Zinapingana? Moja ni sharti la nyingine? Sisi hatujazoea kujiuliza kwa sababu lugha yetu inatubebea. "Mvua ikinyesha hatuendi", hiyo -ki- inaweza kuwa "if", inaweza kuwa "when", Kiswahili hakikulazimishi uchague. "Nikaamka nikanawa nikaondoka", -ka- imeunga zote bila neno hata moja. Ukienda Kiingereza uamuzi uliokuwa unafanywa na herufi mbili unaufanya wewe, ndo maana wengi wanaishia "and then, and then, and then" mpaka mwisho wa ukurasa.

Hiyo elfu tano nunua kauntabuku. Tafuta aya fupi kwenye kitabu chochote cha Kiingereza unachosoma darasani, inakili, lakini ruka viunganishi vyote, acha nafasi. Kaa siku mbili, rudi ujaze bila kuchungulia, halafu linganisha na kitabu. Ulipotofautiana usifute. Andika pembeni kwa Kiswahili mwandishi aliona uhusiano gani na wewe uliona upi, na kama ukiona chako kinafaa pia mpelekee mwalimu wako wa darasa mbishane.