Simu inaita kwenye hedifoni tu, mi nasikia saa ngapi?

SWALI: Habari zenu. Mimi nina steshenari hapa Ujiji, Kigoma, na mwanangu yuko Uingereza, huwa ananipigia kwa kompyuta ya dukani, mara Zoom mara WhatsApp. Naweka hedifoni maana wateja wamejaa na maongezi ya nyumbani si ya kila mtu. Shida ni kwamba nikizivua nikaenda kutoa fotokopi simu inaita humohumo ndani ya hedifoni, spika za mezani kimya kabisa. Nikirudi nakuta kapiga mara tatu na keshaingia kazini. Nikizichomoa nasikia vizuri tu. Nifanyeje?
Mama wa steshenari, Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana, simu ya mtoto aliye mbali ikikupita inauma, na hiki kitu kinatengenezeka.

Kwanza angalia hedifoni zako zinachomekwa wapi. Kama ni ile pini ya duara ya milimita 3.5, tundu lenyewe likihisi pini imeingia linahamisha sauti yote na spika zinakatwa, kwaiyo hata ufungue sauti mpaka mwisho hutasikia kitu, sio kwamba kompyuta imeharibika. Kama ni za USB hapo una bahati, kwa sababu hedifoni ya USB ina kadi yake ya sauti ndani, kompyuta inaziona spika na hedifoni kama vitu viwili tofauti na zote zinabaki hai, ila Windows ndo inakimbilia kuipeleka sauti kwenye kile ulichochomeka mwisho.

Sasa kwa USB fanya hivi. Bonyeza kwa batani ya kulia ya mausi kale kaspika kadogo karibu na saa, ingia kwenye mipangilio ya sauti, shuka hadi palipoandikwa mipangilio zaidi ya sauti, litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vyote vya sauti. Bonyeza spika za mezani kwa batani ileile ya kulia uzichague ziwe kifaa kikuu, alafu hedifoni uzichague ziwe kifaa kikuu cha mawasiliano. Watu wengi hawajui kama hivyo ni vyeo viwili, wanabadilisha kimoja tu wanashangaa. Programu inayoheshimu mpango huo italia kwenye spika na maongezi yatakuja masikioni. Kwenye Zoom ni rahisi zaidi, ingia mipangilio yake upande wa sauti, kuna kiboksi cha kutumia kifaa kingine kwa mlio wa simu, kitiki uchague spika. WhatsApp mimi ningekushauri uache simu yako ya mkononi iwe na sauti pembeni ya mashine ya fotokopi, maana ukipigiwa inaita huko pia.

Dirisha lilelile lina sehemu ya mawasiliano, humo Windows imeshajiwekea kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ukiwa unaongea, weka isifanye chochote, la sivyo mtu wa pili akipiga utasikia mlio mdogo sana au usiusikie.

Kama ni za pini usitupe pesa kwa fundi kwanza. Kompyuta nyingi za mezani zina programu ya kuendesha sauti inayoitwa Realtek, ndani yake kuna chaguo la kutenganisha tundu la mbele na la nyuma zitoe sauti mbili tofauti, spika zikae nyuma hedifoni mbele, baada ya hapo unarudi kwenye vile vyeo viwili. Laptopu nyingi hazina hiyo, hapo bora ununue za USB tu.

Ukimaliza usimsubiri mwanao, muombe jirani akupigie hedifoni zikiwa mezani nawe umesimama kwenye fotokopi. Na USB uichomeke tundu lilelile kila siku mama, ukihamisha tundu Windows inaweza kuiona kama kifaa kipya na ikavuruga ulichopanga.