Anza na Picha: Ushauri kwa Anayetaka Kuunda Nakala ya M16A1

Swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu huku Marekani wanaoingia kwenye fani hii ni hili: nataka kuunda nakala ya M16, bunduki ya jeshi la Marekani ya enzi za vita vya Vietnam, ninunue nini kwanza? Jibu langu ni kwamba usinunue chochote. Tafuta picha. Picha ya askari mmoja, mahali panapojulikana, mwaka unaojulikana, na bunduki inayoonekana vizuri kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitako. Ukiipata, ichapishe uibandike juu ya meza yako ya kazi. Halafu kila kipande unachotaka kukinunua kiulize: wewe umo humu?

Nasema hivi kwa sababu hakuna M16 moja. Mhandisi Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite kule California walitoa bunduki ya AR-15 mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Colt ikanunua haki zake mwaka 1959, na tangu hapo silaha hiyo haikuacha kubadilishwa. Jeshi la anga liliichukua kwa jina la M16, isiyo na kile kitufe cha upande wa kulia cha kusukumia bolti, yaani kipande kinachoiingiza risasi na kuifungia. Jeshi la nchi kavu likakidai, ikapatikana XM16E1, ambayo ndiyo iliyobebwa na askari wa divisheni ya 1st Cavalry katika mapigano ya bonde la Ia Drang huko Vietnam, Novemba 1965. M16A1 ilipokelewa rasmi mwaka 1967.

Kwa jicho la mgeni zote zinafanana. Hebu tazama mdomo wa mtutu. Za mwanzo zina kipunguza-mwali chenye meno matatu yaliyo wazi. Meno hayo yalikuwa yakinasa majani na vijiti porini, kwa hiyo yakafungwa kwa mbele, na umbo jipya likabatizwa kizimba cha ndege. Tazama sasa risiva ya chini, yaani mwili wa bunduki unaobeba triga na magazini, pale kilipo kitufe cha kuachilia magazini. Za zamani kabisa ni bapa, kisha zikaja zenye ukingo nusu, na M16A1 ina ukingo kamili unaokizunguka kitufe kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Kitako cha mwanzo hakina kijilango nyuma. Kijilango cha kuhifadhia vifaa vya kusafishia kilikuja baadaye. Ukiona mtu ametia magazini ya risasi 30 kwenye bunduki anayoiita ya Ia Drang, ujue hakutazama picha. Askari wale walikuwa na magazini za risasi 20.

Uamuzi mzito kuliko yote ni mtutu, na hapa naomba usome polepole. Mtutu wa M16A1 una urefu wa inchi 20, ni mwembamba mwanzo hadi mwisho, na michirizi yake ya ndani huzunguka mara moja kila inchi 12. Mzunguko huo uliitosha risasi ya M193 yenye uzito wa greni 55, yaani takriban gramu 3.6. Miaka ya 1980 ikaja M16A2, ambayo Marines, wanamaji wa Marekani, waliipokea mwaka 1983, pamoja na risasi ya M855 ya greni 62, iliyo ndefu zaidi, na M856 inayoacha mwanga njiani, ndefu kupita zote. Ndiyo maana mzunguko ukakazwa ukawa mara moja kila inchi 7. Ukipiga M855 kwa mtutu wenye mzunguko wa inchi 12, risasi haitulii hewani. Hupinduka na kutoboa karatasi kwa ubavu. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mtutu, jua utapiga risasi gani. Mimi nashikilia mzunguko wa inchi 12 na M193, kwa sababu nakala inayobeba mtutu wa kweli hupigwa kama ile ya kweli. Lakini kama umejaza kabati risasi za greni 62, chukua mtutu mwembamba wenye mzunguko wa kasi zaidi. Kwa nje hakuna atakayeutofautisha.

Kagua pia chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Risasi za kijeshi za 5.56 hazifai kupigwa kwenye chemba iliyochongwa kwa ajili ya .223 ya kiraia, kwa kuwa shinikizo hupanda kupita kiasi. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye mtutu, na kama ni wa mitumba, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni pamoja na bolti yake avipime vyote viwili kwa geji kabla hujaweka risasi hata moja. Hapo usibane pesa.

Sasa sheria, ambayo wengi huisoma mwisho ilhali ndiyo inayotangulia. Kwa bunduki za familia hii, serikali kuu ya Marekani inaihesabu risiva ya chini kuwa ndiyo bunduki yenyewe. Ndiyo yenye namba, ndiyo unayoijazia fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni na kusubiri uchunguzi wa rekodi zako. Vipande vingine huletwa nyumbani kwa posta katika majimbo mengi. Wewe uliyekuja kwa visa ya masomo, ya utalii au ya kazi ya muda, simama hapa kwanza: kwa kawaida sheria inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu yuko katika fungu lingine. Usimwombe rafiki mwenye uraia akununulie kwa jina lake. Hilo ni kosa la jinai kwake na kwako.

M16 ya jeshi hupiga mfululizo. Nakala ya kiraia hupiga risasi moja kila ukivuta triga, na lazima ibaki hivyo. Tangu Mei 1986 raia hawezi kusajiliwa bunduki mpya ya kupiga mfululizo. Neno AUTO lililochongwa ubavuni mwa risiva ni pambo tu, halina kazi. Sehemu za ndani za kufyatulia zilizotoka kwenye bunduki za jeshi usizinunue, hata kama muuzaji anasema ni za kumbukumbu. Anayetaka nakala ya M4 naye akumbuke kwamba mtutu wake wa inchi 14.5 uko chini ya inchi 16 zinazotakiwa kwa bunduki ya kawaida. Atahitaji idhini chini ya sheria ya bunduki ya serikali kuu ya 1934, au kipunguza-mwali kilichochomelewa moja kwa moja hadi urefu utimie. California, New York na Illinois zina makatazo yao mazito, kwa hiyo soma sheria za jimbo lako. Na tafadhali, kipande chochote kisiingie kwenye sanduku la safari ya Dar es Salaam wala Mombasa. Kukitoa nchini bila kibali ni kosa huku, na kukiingiza bila kibali ni kosa kule.

Kuhusu kununua, leo ni rahisi kuliko zamani. Mwaka 2018 Brownells, wauzaji wa vipuri vya bunduki, walileta mfululizo wa bunduki za mtindo wa kale, na watengenezaji wengine wanatoa risiva za sura ya A1. Anayeanza namshauri achukue risiva mpya zinazooana, kisha atafute vipande halisi vya zamani vya nje: kitako, mpini wa mkono, vikinga-mkono, ukanda. Hivyo ndivyo jicho huviona na mkono huvigusa. Ukikutana na risiva ya juu ya Colt SP1, ile ya kiraia iliyouzwa tangu miaka ya 1960, pima tundu la pini ya mbele. Colt waliifanya kubwa kuliko ya kijeshi, kwa hiyo haikai kwenye risiva ya chini ya kawaida bila pini maalumu ya kuunganishia. Rangi nayo ina ukweli wake: za wakati ule ni za kijivu, na nyeusi tititi inatoa sura ya miaka ya karibuni.

Vikinga-mkono vya pembetatu vina cha kushoto na cha kulia, kwa hiyo ukinunua kimoja hakikisha ni cha upande ulioukosa. Vya duara vya A2 ni nusu mbili zinazofanana, moja inakaa popote, na pete inayovishikilia imeinama, wakati ya A1 imenyooka. Mpini wa A2 una kinundu cha kidole. Wa A1 ni laini. Ukichanganya hivi viwili, anayejua atakiona kinundu hicho kabla hujamfungulia mdomo.

Kilengeo cha nyuma chukua cha A1, chenye matundu mawili, moja likiwa na herufi L kwa shabaha ya mbali. Hakina gurudumu la kuzungusha kwa vidole kama cha A2. Kushoto na kulia unarekebisha kwa kubonyeza kwa ncha ya risasi, na juu na chini unarekebisha kwenye nguzo ya mbele. Kwenye uwanja wa shabaha fanya hivyo bunduki ikiwa tupu na bolti ikiwa wazi, mdomo umeelekea kwenye tuta, na mpe mwenzako kazi ya kuandika mibonyezo uliyofanya kila upande.